Dirisha la Wiki Ijayo

Niseme mapema ili tusije kugombana: baba yangu alikuwa mtu mzuri. Nasema mapema kwa sababu haya nitakayosimulia yanaweza kuonekana kama namsengenya marehemu, na shangazi yangu, dada yake, ana masikio hadi kwenye visigino. Alikuwa mtu mzuri, mchoraji mwenye mkono ambao sijauona kwa mwingine, na baba ambaye watoto wa mtaa mzima walitamani kutuibia. Ila dirisha la jikoni hakuliweka. Alioa, akajenga, akalea, akazeeka, akafa, na dirisha la mama yangu likabaki maneno.

Mtaani walimwita Wiki Ijayo. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango: ya vinyozi, ya gereji, ya maduka ya dawa, ya shule za watoto wadogo. Ukimuuliza bango langu lini, alikujibu "wiki ijayo" kwa uso mkunjufu hadi ukajikuta unamshukuru. Na bango likitoka, lilitoka na vituko vyake. Mwenye bucha aliagiza ng'ombe, akapewa ng'ombe anayecheka huku amefumba jicho moja. Akaja juu. "Wewe mzee, watu watakulaje kitu kinachowakonyeza?" Baba akamwambia ajaribu siku chache tu. Watu wakaja kumtazama ng'ombe, wakaona haya kuondoka mikono mitupu, nyama ikawa inaisha kabla ya adhuhuri. Bango la duka la dawa nalo lilikuwa na mgonjwa anayemeza dawa kwa uso wa kusikitisha, na mgonjwa huyo, kwa bahati mbaya kabisa, alifanana na mjomba wangu, kaka yake mama. Mjomba alisusa kuja kwetu muda mrefu.

Sasa dirisha. Nyumba yetu ilijengwa mama akiwa na mimba ya mdogo wangu. Siku zake zilipokaribia akaenda kujifungulia kwa bibi, na mimi nikabebwa, akamwachia baba agizo moja. "Baba watoto, sikuombi kingine. Simama na fundi. Jikoni, ukuta wa nyuma, nataka dirisha kubwa. Nikipika nione nje." Baba akaapa. Na kweli alisimama na fundi, asubuhi hadi jioni, ila alisimama naye kwa mdomo. Alimpigia soga. Alimwigizia mama mkwe wake anavyokohoa kabla ya kuomba kitu, alimwigizia mwenye bucha, alimwigizia fundi mwenyewe. Fundi alitusimulia haya msibani, machozi yanamtoka, sijui ya kilio au ya kicheko. Alikuwa anapanga tofali huku mbavu zinamuuma, na baba ndiye aliyekuwa akimpokeza hizo tofali. Walipokuja kushtuka walikuwa wanapigilia bati, na ukuta wa nyuma wa jiko ulikuwa umesimama mzima, hauna hata tundu la kupitisha kidole.

Mama akarudi na kichanga mkononi. Akaingia sebuleni, akasifu. Akaingia vyumbani, akasifu. Akafika jikoni, akanyamaza.

"Dirisha langu liko wapi?"

"Wiki ijayo," akasema baba.

Na wiki ijayo, usiniulize vipi, dirisha likawepo. Mama alitoka sokoni akakuta ukuta wa nyuma una fremu ya mbao, vioo, kitasa cha shaba, mapazia ya maua, na nje kuna ziwa na vilima. Akatua kikapu. Akaenda moja kwa moja kushika kitasa, afungue, apate hewa. Vidole vikagonga ukuta mkavu. Baba alikuwa nyuma ya mlango, kabana pumzi, rangi imemjaa hadi kwenye nyusi. Mama akautazama ule ukuta kwa muda, kisha akamgeukia.

"Na upepo uko wapi?"

Kesho yake pazia moja lilikuwa limeinuka, linapepea. Mama akampa baba mgongo, akaketi kuchambua mchele kwa haraka ambayo mchele wala haukuitaka. Mimi nilikuwa mdogo, nimekaa chini sakafuni, nauona uso wake kwa chini. Alikuwa anacheka, na alikuwa anafanya kila awezalo asionekane.

Basi huo ndio ukawa utaratibu wa nyumba. Kila baada ya muda mama aliamka na hasira za dirisha. "Mwanamume gani wewe, mke wako anapika kama yumo ndani ya mtungi!" Baba alisema wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika, nje ya dirisha kulikuwa kumebadilika. Alilalamikia joto, akapewa mlima wenye theluji. Alilalamika kwamba tangu aolewe hajafika popote, akapewa treni inapita, imejaa abiria, na mmoja wa abiria ni mama mwenyewe, amevaa kilemba chake kizuri, anatupungia sisi tuliobaki. Hilo lilimuudhi zaidi. "Kwa hiyo yule anasafiri, mimi nasugua masufuria?" Lakini majirani walipokuja kuomba kuiona treni, ndiye aliyewashika mkono kuwaonyesha kichwa chake kiko wapi.

Bibi alipofariki, mama hakulalamikia kitu chochote. Alipika, akaosha vyombo, akalala. Baba alihangaika na ule ukimya kuliko kelele zote za nyuma. Asubuhi moja tukakuta nje ya dirisha kuna bibi, anaanika nguo kwenye kamba, katugeuzia mgongo, na kisigino cha ndala yake ya kushoto kimelika upande kama kilivyokuwa kweli. Mama aliona kile kisigino akakaa chini akalia kwa sauti, kilio ambacho msibani hakukitoa. Picha ile ilikaa kuliko nyingine zote. Kisha siku moja, anakoroga chungu, akasema bila kugeuka, "Baba watoto, mbadilishe sasa. Amesimama mno, miguu itamuuma."

Msidhani ni dirisha tu. Nyumba yetu ilikuwa na kila kitu, alimradi usikiguse. Tulikuwa na saa ya ukutani iliyokuwa imefika saa ya kula tangu nikiwa mtoto. Getini tulikuwa na mbwa mkali, meno nje, hadi msomaji wa mita za maji akawa anasimama barabarani na kutupigia kelele tumsomee sisi. Siku ya ukaguzi shuleni, soksi zangu zilikuwa zimetoboka, na baba akasema hilo si jambo la kumsumbua mama. Akanikalisha juu ya ndoo, akanipaka soksi. Rangi ya maji, nyeupe, na mistari miwili ya bluu juu. Mwalimu mkuu aliziona akaniita mbele, nisimame pale wenzangu waone mfano wa usafi. Nikasimama, nimevimba kichwa. Kisha ikaanza kunyesha. Sitaki kusema zaidi. Niliporudi nyumbani nalia, baba alinisikiliza hadi mwisho kwa uso wa huzuni, akasema, "Kosa ni langu, mwanangu. Ilitakiwa rangi ya mafuta."

Hasira zangu ziliishia hapo, maana utamfanya nini mtu wa hivyo?

Na kulikuwa na mchezo mmoja ambao lazima niueleze vizuri. Jioni akirudi kazini, baba hakupitia mlango wa mbele. Alizunguka uani, akasimama nyuma ya ukuta wa jiko, pale pale penye dirisha lake ila upande wa nje, akagonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. "Hodi dirishani! Kuna chakula humo?" Na mama, mkono bado uko kwenye mwiko, alijibu bila hata kufikiri: "Limefungwa!" Ndipo baba alipozunguka kuingia mlangoni, analalamika kwamba nyumba hii haina huruma na wapita njia. Kila jioni. Walikuwa wamenuniana, walikuwa wamepatana, ilikuwa hiyo hiyo. Sisi tulipokuwa wakubwa tuliona aibu, kama watoto wote wakubwa wanavyowaonea aibu wazazi wao.

Sasa niambieni, katika nyumba ya namna hii mtoto wa kiume angekuwa nini? Akawa fundi wa madirisha. Ndiyo. Mdogo wangu yule, kichanga aliyeletwa nyumba haina dirisha, alikua hapendi mzaha hata kidogo, akajifunza alumini na vioo, akafungua karakana yake. Sisi tunamwita Bwana Vipimo, kwa sababu hata akija kukusalimia futi kamba inaning'inia kiunoni. Kazi ya kwanza aliyotaka kufanya ilikuwa jiko la mama. Akaja, akapima ukuta wa nyuma, na baba, bila haya, akamshikia ncha ya pili ya futi kamba huku akiimba.

"Mama, Jumamosi natoboa," akasema mdogo wangu.

"Hutoboi kitu," akasema mama.

"Mama, si ndilo unalolilia kila siku?"

"Ninalililia kwa aliyeahidi. Aliyeahidi si huyo hapo, mzima, anaimba? Ataliweka mwenyewe."

"Wiki ijayo," akasema baba.

Bwana Vipimo aliondoka amekasirika, na simlaumu. Hata hivyo baba alimchorea bango la karakana. Lina dirisha la alumini, limepigwa vipimo sahihi kabisa, na ndani yake mdogo wangu anachungulia kwa uso wa mtu aliyemeza ndimu. Wateja wanalipenda. Yeye analichukia, lakini kila jua likilichubua hulipeleka kivulini haraka.

Kisha baba akaanza kuvimba miguu. Moyo, walisema hospitalini, akapewa vidonge na masharti. Ngazi akaacha, mabango makubwa akaacha. Akabaki na ukuta wa jiko, anachora akiwa ameketi kwenye kigoda, na mama anampitia juu ya kichwa kufuata chumvi. Wiki yake ya mwisho, ambayo sisi hatukujua kuwa ni ya mwisho, alipaka nyeupe juu ya picha iliyokuwepo. Akaacha fremu, kitasa na yale mapazia yanayopepea. Nje ya dirisha kukawa kweupe, hakuna kitu. Mimi nilikuwa pale, nimekuja kumsuka mama, maana kazi yangu ni ususi.

"Mama watoto," akasema baba, brashi iko mkononi. "Safari hii sitabahatisha. Sema mwenyewe. Unataka uone nini nje?"

Mama kichwa kilikuwa mikononi mwangu, kwa hiyo nilihisi kilivyotikisika. Alikuwa na jibu. Niliona kabisa mdomo unafunguka. Kisha akamtazama baba pale kwenye kigoda, akapata wazo la kumkomoa.

"Nitakwambia," akasema, "wiki ijayo."

Baba alicheka hadi akashika ukuta, mkono wake ukaacha alama ndogo nyeupe kwenye pazia. Alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Nimepatikana," akasema. "Leo nimepatikana." Aliiosha brashi akaitia kwenye kopo lake, akasubiri wiki ijayo. Alhamisi asubuhi hakuamka.

Msiba ulikuwa na watu, na ulikuwa na vicheko, jambo ambalo shangazi hajatusamehe. Nani angezuia? Fundi alisimulia habari za ukuta, mwenye bucha akasimulia habari za ng'ombe, hata mjomba alikuja, akakiri kwamba uso ule ni wake kweli. Mama hakucheka wala hakulia. Alipokea wageni, akauliza kama wamekula. Nilimjua mama yangu akinyamaza hivyo, na nilijua kwamba safari hii yule aliyekuwa na dawa ya ule ukimya ndiye tuliyemzika.

Wageni walipopungua, mdogo wangu akaleta dirisha. Alilitengeneza kwa mikono yake, kazi safi, kioo kimefungwa kwenye mablanketi. Akaliegemeza mlangoni mwa jiko, akatoa nyundo na tindo. Shangazi akashangilia. "Hatimaye! Wifi, mateso yako yamekwisha. Leo utaona nje." Majirani wawili wakaja kushuhudia. Wote walikuwa na furaha, na wote walimtazama mama, wakisubiri naye afurahi.

Hapo ndipo nilipoona tumemkamata vibaya. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa anadai dirisha kwenye ukuta ule, mtaa mzima shahidi. Angesemaje sasa kwamba halitaki? Kwa sababu gani? Kwa sababu ya nini, rangi nyeupe? Angalau ingekuwa ile treni. Angalau ingekuwa bibi na ndala yake. Mama aliketi kwenye kigoda cha baba, kanga ameishika kwa mikono yote miwili, akasema kwa sauti ndogo, "Haya. Toboa, mwanangu."

Nilikasirika, mjue. Nilimkasirikia mdogo wangu na vipimo vyake, nikamkasirikia mama na kiburi chake, na zaidi nikamkasirikia baba, aliyetuachia ukuta mtupu tugombane nao. Lakini mwenye ukuta alikuwa amesema toboa, na mimi ni nani?

Bwana Vipimo ni mtu wa taratibu. Hapigi nyundo kabla ya kuhakikisha pande zote mbili zinakubaliana. Akaweka alama ndani kwa penseli, kisha akatoka nje, akazunguka uani, akasimama nyuma ya ukuta wa jiko kutafuta mahali penyewe. Sisi ndani tulimsikia anagonga kwa kifundo cha kidole.

Ko, ko, ko.

"Limefungwa!" akasema mama.

Ilimtoka tu, ya kila jioni, kwa sauti yake ya kila jioni. Hakuna aliyecheka. Shangazi mwenyewe aliweka mkono mdomoni. Nje mdogo wangu naye alikuwa ameacha kugonga. Mama aliinuka akaenda ukutani, akaweka kiganja pale kwenye weupe, na kile kilio ambacho tulikuwa tukikingoja tangu Alhamisi kikaja chote kwa mara moja.

Mdogo wangu aliingia mbio, tindo bado iko mkononi. "Mama, kuna nini? Nimeumiza wapi?"

"Usiguse," akasema mama. "Hajamaliza."

"Nani hajamaliza?"

"Baba yako hajamaliza! Huoni? Amepaka nyeupe tu, nje hajaweka kitu. Unavunjaje kazi ya mtu ambayo hajaimaliza?"

Bwana Vipimo aliutazama ukuta. Akamtazama mama. Huyu ni mtu ambaye ukimwambia mzaha hukuomba umrudilie polepole, na mimi nilijiandaa kumpiga teke asijibu upuuzi. Akaweka tindo chini. Akafungua futi kamba, akaenda ukuta wa pembeni, karibu na mlango wa uani, akaanza kupima, na pua yake inavuta makamasi kama ya mtoto. "Hapa napo panafaa," akasema. "Tena ni upande wa upepo."

Kwa hiyo sasa mama ana dirisha. Linafunguka, linafungwa, moshi unatoka, hewa inaingia. Anaona uani, anaona kamba ya nguo na ukuta wa jirani. Leo anaona hivyo, kesho ataona hivyo hivyo, na hilo ndilo lalamiko lake jipya. Ule ukuta mweupe anaufuta kwa kitambaa kila akimaliza kupika, na shangazi alipojaribu kutundika kalenda pale alifukuzwa jikoni kwa mwiko.

Juzi nilikuwa namsuka tena, mahali pale pale, nikapiga moyo konde nikamuuliza. "Mama, siku ile baba alipokuuliza. Ulikuwa unataka achore nini?"

Kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu, kama siku ile.

"Nilitaka ajichore yeye," akasema. "Yuko upande wa nje, kashika nyundo, jasho linamtiririka, anatoboa ukuta." Akaanza kucheka, mabega yanaruka, hadi nikapoteza mstari niliokuwa nasuka. "Angalau nimwone siku moja anafanya kazi yangu! Nilikuwa nalo mdomoni, mwanangu. Nikasema acha nimkomoe kidogo. Wiki moja tu."

Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaniambia nitazame sufuria, wali unaungua.